Mungu Asiyedaiwa

Barua pepe iliingia saa tatu usiku, tukiwa wanne sebuleni kwa rafiki yetu mwalimu, Nachingwea. Umeme ulikuwa umekatika na simu zetu ndizo zilizokuwa taa. Mchapishaji mmoja mdogo wa ng'ambo, anayetoa michezo ya mezani, alikuwa amesoma kisa tulichomtumia na amekipenda. Angetulipa dola mia mbili. Kwa watu wanne ni dola hamsini kila mmoja, na binamu yangu, kibarua wa ghalani, alikuwa hajashika hela tangu msimu wa ufuta uishe. Sharti lilikuwa moja tu. Hongo, yule mungu wa majini tuliyemweka katikati ya kisa, alionekana kwake anafahamika mno. Anazungumza, anaahidi, anakasirika kwa sababu zinazoeleweka. Je, tungeweza kumfanya awe mkubwa zaidi, wa kale zaidi, asiyejua hata kama binadamu yupo? Wachezaji wamwone tu, akili ziwaruke.

Wenzangu watatu walisema ndiyo kabla sijamaliza kusoma kwa sauti. Mimi nikasema hapana. Ni miezi minne sasa, na kila nikiulizwa sababu nimekuwa nikijibu vipandevipande, kwenye bodaboda, kwenye meseji, mdomo ukiwa umejaa korosho. Hapa naijibu yote.

Kwa ambao hawajawahi kukaa kwenye meza hiyo: mchezo wenyewe ni hadithi inayotungwa kwa mdomo na watu kadhaa. Mmoja anaongoza, anaeleza dunia ilivyo. Wengine kila mtu na mhusika wake aliyeandikwa kwenye karatasi, na nguvu zake, woga wake na madeni yake. Unasema unataka kufanya nini, unarusha dadu, dadu inaamua. Niliukuta chuoni mwaka wangu wa pili, kitabu chake kikiwa kwenye flashi iliyokuwa imepita mabweni matatu na kubeba virusi vya mabweni yote matatu. Niliporudi likizo Ruangwa nikamwambukiza binamu yangu, naye akawaambukiza wenzake wa Nachingwea. Dadu ya pande ishirini tunayo moja. Ilipopotea kwa mwezi mzima tulitumia vikaratasi ishirini ndani ya bakuli la uji, na mchezo ulikuwa mtamu vilevile.

Dunia za michezo hii zimejaa miungu, na miungu hiyo ina historia yake. Mwaka 1980 wachapishaji wa Dungeons & Dragons walitoa kitabu kizima cha miungu, Deities & Demigods, kilichoandikwa na James Ward na Robert Kuntz. Humo wamo miungu ya Wagiriki, Wahindi, Wachina, Wajapani na Wamisri. Hata Wafini wana sura yao. Nakala za kwanza zilikuwa pia na sura ya Cthulhu na jamaa zake, waliobuniwa na Mmarekani H. P. Lovecraft, nakala zilizofuata ziliiondoa. Afrika ya kusini mwa Sahara haina sura. Yaani kiumbe mwenye minyiri ya pweza, aliyezaliwa mwaka 1928 ndani ya gazeti la hadithi za bei rahisi, alipata sura yake wakati Mulungu, Ngai na Ruhanga hawakupata hata ukurasa. Sidai sura, lakini. Miungu ya wengine ilipewa alama za uhai kama ng'ombe anavyopewa uzito mnadani, na wachezaji wakaanza kupiga hesabu ya kuiua. Huenda tulinusurika.

Lovecraft alizaliwa Providence mwaka 1890 na akafia hukohuko mwaka 1937. Wazo lake, likivuliwa mavazi, ni hili: ulimwengu ni wa kale kuliko tunavyoweza kufikiri, wenye nao si sisi, na wenye nao hawatuchukii wala hawatupendi. Hawatuhesabu. Mtu akiuona ukweli huo hata kwa upenyo wa mlango, akili haimrudii. Mwaka 1981 kampuni ya Chaosium ilitoa mchezo wa Call of Cthulhu, wa Sandy Petersen, wenye kanuni ambayo imeenea kila mahali tangu hapo: mhusika ana alama za akili timamu, na kila akikutana na kisichofaa kuonekana anarusha dadu na kuzipoteza. Ni kanuni nzuri. Nasema hivyo kama mtu aliyeiiba, maana rasimu ya kwanza ya kisa chetu ilikuwa nayo, na aliyeiweka ni mimi. Huyo mchapishaji ameniomba nirudi nilikotoka mwenyewe.

Kutoka hapo minyiri imetambaa. Leo ukifungua kitabu chochote cha dunia za kubuni utakuta mungu wa aina hii, amelala chini ya bahari au nyuma ya nyota, hana sura, hana neno. Katika kitabu cha wachezaji wa Dungeons & Dragons cha mwaka 2014 unaweza kuwa mchawi anayechota nguvu kwa mmoja wa Wakuu wa Kale, na kitabu kinaeleza kwamba huyo mkuu huenda hata hajui kuwa upo. Nilimweleza bibi yangu hili, Ruangwa, akiwa anapepeta mbaazi. Alisimamisha ungo.

"Hajui kama huyu mtu yupo?"

"Hajui, bibi."

"Na huyu anatumia nguvu zake?"

"Ndiyo."

"Basi anamwibia," akasema, akaendelea kupepeta.

Sijasoma uhakiki wa kanuni ile uliofika mbali kuliko huo.

Mungu asiyejali watu, hata hivyo, kwenye hadithi hizi ana jambo moja analolijali sana, nalo ni rangi ya wanaomwabudu. Katika hadithi ya mwaka 1928 waabudu wake wanakutwa kwenye vinamasi vya Louisiana, na mwandishi anahakikisha tumejua kuwa ni weusi na machotara. Mwaka 1934 ikatoka "Winged Death", ambayo Lovecraft aliiandika pamoja na Hazel Heald, na sehemu yake inatokea Uganda. Ndani yake wenyeji wanaogopa magofu ya mawe na wanamtaja mungu mwovu, Clulu. Ni Cthulhu yuleyule, ametafsiriwa kwa lugha isiyokuwepo. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba Afrika Mashariki ilialikwa juzi kwenye dunia hizi. Tumo tangu zamani, kwa kazi ileile ya kupiga ngoma msituni mzungu akikaribia.

Kisa maarufu kuliko vyote vya Call of Cthulhu kinaitwa Masks of Nyarlathotep. Kilitoka mwaka 1984, mwandishi wake mkuu ni Larry DiTillio, na wapo wanaokitaja kuwa kisa bora kuwahi kuandikwa kwa mchezo wowote. Nimekicheza chote, wiki kumi na moja. Ni kizuri kweli, na ndiyo maana kinaniuma. Sura moja nzima inatokea Kenya. Tajiri kijana wa New York alikuja na msafara mwaka 1919, msafara ukachinjwa porini, serikali ya kikoloni ikawalaumu Wanandi na kuwanyonga watu wao. Wachezaji wanafika Nairobi mwaka 1925 na polepole wanagundua kwamba Wanandi walisingiziwa. Wauaji halisi ni wafuasi wa Ulimi wa Damu, wenye mlima wao, na mungu wao ambaye mahali pa uso ana mnyiri mmoja mwekundu. Kuhani wao mkuu ni mwanamke anayeitwa M'Weru. Mimi ni Mmwera. Najua hatukulengwa sisi, huko hakuna aliyewahi kusikia habari za Wamwera, na apostrofi ile imewekwa tu ili jina linuke Afrika. Lakini mezani siku ile wenzangu walinigeukia wote kwa pamoja na kunicheka, na wiki nzima nikaitwa kuhani.

Nitende haki. Humo yumo pia Johnstone Kenyatta, anayewasaidia wachezaji, na yumo mzee wa Kiafrika mwenye uwezo mkubwa wa kupambana na uovu. Toleo la mwaka 2018 limejitahidi kurekebisha mengi. Na aliyeandika kwamba Wanandi walinyongwa bure alikuwa na huruma ambayo magazeti ya walowezi hayakuwa nayo.

Tatizo langu liko nyuma ya huruma hiyo. Wanandi wa kweli walipigana na Waingereza kwa miaka kumi kabla ya huo mwaka 1919 wa kubuni kufika karibu. Kiongozi wao wa dini, orkoiyot Koitalel arap Samoei, aliitwa kwenye mazungumzo ya amani tarehe 19 Oktoba 1905 akapigwa risasi na Richard Meinertzhagen. Mwanawe, Barsirian arap Manyei, alikamatwa mwaka 1923 na hakuachiwa hadi mwaka 1964, Kenya ikiwa imeshapata uhuru wake. Mchezaji anayeuliza katika historia hiyo kwa nini Mnandi ananyongwa bila kosa atapata jibu: reli ilipita kwenye ardhi yake na mtu fulani aliitaka ardhi hiyo. Akiuliza ndani ya Masks of Nyarlathotep jibu analopata ni mnyiri. Uongo wa serikali unafunuliwa, tunafurahi, halafu nyuma ya uongo huo tunaoneshwa mungu wa Waafrika mwenye kiu ya damu. Reli imetoka kwenye hadithi na hakuna aliyeiona ikitoka.

Sasa Hongo. Msomaji wa Dar es Salaam najua umeshacheka: mungu anaitwaje hongo? Cheka, ukimaliza turudi Ngarambe, mwaka 1904. Kinjikitile Ngwale alishikwa na roho aitwaye Hongo. Simulizi zinasema aliburutwa kwa tumbo hadi kwenye maji na kuzama, jamaa zake wakamtafuta wasimwone, na kesho yake akatoka nguo zikiwa kavu. Aliporudi alikuwa na ujumbe na dawa, maji ambayo yangegeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Hongo hakuwa mkubwa kuliko wote. Kulikuwa na Bokero kwenye Rufiji, watu wakimwendea kwa ajili ya mvua tangu zamani. Julai 1905 watu wa Nandete, Umatumbi, waling'oa pamba ya Wajerumani. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile alinyongwa Mohoro. Vita vikashuka kusini. Boma la Liwale likateketea, misheni ya Nyangao ikavamiwa, na nchi hii yote ya nyuma ya Lindi ikaingia.

Hapo ndipo mwalimu, ambaye nikiri ni mwerevu kuliko mimi, alinibana. Tulikuwa tumekaa nje, mbu wanatula, na alikuwa ameifikiria hoja yake kwa siku kadhaa.

"Njomba," akasema, "mimi sitetei wazungu. Angalia mwenyewe. Mungu anatoka majini, anawaambia watu risasi haziwapati. Watu wanakwenda mbele ya bunduki za mzinga wakiimba. Risasi zinawapata. Mungu hasemi neno. Wanakufa maelfu kwa maelfu, mungu bado hasemi neno. Sasa niambie wewe msomi, huyo na Cthulhu tofauti yao nini? Minyiri?"

Sikuwa na jibu usiku ule. Binamu yangu akasema, "Kwisha habari yake," na wakaanza kujadili watanunua nini.

Jibu lilikuja Disemba, na sikulipata maktaba, ingawa msimamizi wangu wa tasnifu anaamini nilikuwa maktaba. Nililipata nyuma ya nyumba ya bibi. Mvua zilikuwa zimechelewa. Bibi ni Mwislamu, hajakosa swala tangu nimjue, na mjomba wangu ambaye amesomea dini humwambia kila mwaka kwamba anachokifanya kaburini kwa baba yake hakifai. Kila mwaka humwitikia kwa adabu na kila mwaka huenda. Nilimfuata. Alichukua unga kidogo kwenye kipande cha kitambaa, akaumwaga taratibu chini ya mti, akakaa kitako, miguu ameinyoosha. Nilitegemea sala. Alianza kugomba.

Alimgombeza baba yake, na baba wa baba yake, kwa majina. Aliwakumbusha nani aliwaosha na nani aliwashonea sanda. Aliwakumbusha mwaka fulani walipopewa jogoo mzima. Akauliza mvua wameiweka wapi. Akasema wajukuu wako Dar es Salaam wanakula chipsi, shamba analima nani, na kama wao wamechoka kuangalia nyumba hii basi waseme, watu wajue. Kisha sauti ikashuka, akawaomba radhi kwa ukali wake, akakung'uta kitambaa, akaniomba mkono ainuke.

Nilimuuliza njiani kama haogopi kuwasema vile. Alishangaa. "Nakula kwao, wanakula kwangu," akasema. "Tunadaiana."

Niliyeyuka palepale. Tofauti ya Hongo na Cthulhu ni deni. Hongo alitoa neno. Aliahidi kitu, kwa watu waliotajwa, kwa masharti yaliyojulikana, na ahadi ikavunjika. Walichofanya watu baada ya hapo kinaonekana katika simulizi walizokusanya wanahistoria Gilbert Gwassa na John Iliffe, na vijijini bado yapo masimulizi: hawakuwa vichaa. Waligombana. Wengine walisema miiko ilivunjwa, wengine waligeuka wakasema tulidanganywa. Ebrahim Hussein aliandika tamthilia nzima, Kinjeketile, mwaka 1969, ambayo uti wa mgongo wake ni swali la neno hilo na nani wa kulibeba baada ya kutoka kinywani. Hakuna anayeweza kuandika tamthilia ya namna hiyo juu ya Cthulhu. Huwezi kumshitaki asiyekuahidi. Unaweza tu kupiga kelele na kupoteza alama sita za akili.

Wala simfanyi Hongo kuwa mpole. Mungu aliyevunja ahadi anatisha kuliko mungu asiyejua kuwa upo, kwa sababu yule wa kwanza alikuangalia usoni. Mjane wa mwaka 1906 hakulala akiwaza kwamba ulimwengu ni mkubwa na yeye mdogo. Alilijua hilo, alizaliwa Umwera chini ya nyota zote hizi. Kilichomkosesha usingizi ni maneno aliyoambiwa mumewe kabla ya kuondoka.

Halafu lipo la hao maelfu. Wajerumani wenyewe walihesabu vifo 75,000. Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Wengi wao hawakuuawa na risasi. Chakula kilichomwa ghalani na shambani, kwa makusudi, kwa sababu maofisa waliona njaa itamaliza kazi ambayo bunduki haikuimaliza. Huo ulikuwa uamuzi, na waliouchukua walikuwa na vyeo na mishahara. Ukimgeuza Hongo kuwa kitu cha kale kisichojali, njaa ile nayo inageuka kuwa hali ya ulimwengu, kama ukame. Mwisho wa hadithi kila mtu anatetemeka na Gavana Götzen hayumo.

Mwalimu alijaribu mara ya pili, na safari hii alisogea karibu na nyumbani. Akasema sawa, mwache Hongo, lakini mungu asiyejali tumemwona hapahapa Nachingwea, alikuja mwaka 1947 akiwa na matrekta. Kwa wasiojua: Msumbiji inaikumbuka Nachingwea kwa kambi ya Frelimo, na Uingereza, ikiikumbuka, inaikumbuka kwa karanga. Serikali ya London ilitaka mafuta ya kula baada ya vita, ikapanga kulima ekari zaidi ya milioni tatu za karanga katika Tanganyika, Kongwa, Urambo na hapa. Vifaru vya kijeshi aina ya Sherman viligeuzwa matrekta. Reli ikajengwa kutoka Mtwara, na bandari ya Mtwara ikachimbwa kwa ajili hiyo. Mwaka 1951 walikubali kwamba wameshindwa, takriban pauni milioni 36 zikiwa zimezama. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo iling'olewa. Mwalimu anasema watu wa hapa waliona kitu kikubwa kinatoka mbali, kinaponda miti, hakiwaulizi, hakiwaoni, kisha kinaondoka bila kusema kwa heri. Akasema ukitaka kuwafundisha wanafunzi Lovecraft, anzia kwenye karanga.

Inavutia. Nilitaka kukubali. Lakini mambo yale yalikuwa na kumbukumbu za vikao. Kulikuwa na shirika, Overseas Food Corporation, lenye ofisi na karatasi zenye anwani. Bungeni London walizomeana juu yake. Kilichowaponda mababu zetu kilikuwa na namba ya simu! Kukiita kitu cha nyota ni kukisamehe kwa namna ambayo hata chenyewe hakikuthubutu kujisamehe.

Na kama ni ukale usiofikirika, wa kuifanya roho isinyae, hatuhitaji kuuazima Providence. Upo Tendaguru, mkoa huuhuu wa Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 jumba la makumbusho la Berlin lilichimba pale mifupa ya dinosaria wa zaidi ya miaka milioni 145, ikabebwa kichwani siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, tani zaidi ya mia mbili. Wachimbaji na wapagazi walikuwa mamia ya watu wa huku, miaka miwili tu baada ya njaa ile. Msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani. Lovecraft aliandika hadithi ya wanasayansi wanaofukua viumbe wa kale kwenye barafu za kusini mwa dunia, na mmoja wao anarukwa na akili. Wamwera walifukua viumbe wa kale wa kweli, wakubwa kuliko nyumba, wakawabeba na kupokea ujira. Sijui mtu wa kwanza aliyegonga jembe kwenye paja la urefu wake alisema nini, lakini kazi iliendelea miaka minne. Yule mkubwa kuliko wote amesimama Berlin tangu mwaka 1937, urefu zaidi ya mita kumi na tatu, na hoja iliyopo juu yake leo ni ya kidunia kabisa: ni wa nani, arudi au asirudi, na nani alipwe nini.

Hapo mwenzetu wa nne, ambaye husema mara chache, aliniuliza swali ambalo bado linanikera. Akasema: kwa hiyo Mmarekani aruhusiwe kuogopa ulimwengu mtupu, sisi turuhusiwe kuogopa madeni tu? Ana haki. Victor LaValle, Mmarekani mweusi, aliichukua mojawapo ya hadithi mbaya kabisa za Lovecraft mwaka 2016 akaigeuza kuwa The Ballad of Black Tom, na mtu wake anaichagua miungu isiyojali kwa sababu ameona wanaojali wanavyomtendea. Kijana wa Ruangwa akitaka kuandika utupu na auandike, na mimi nitaununua. Ninachokataa ni kuchukua jina lililotamkwa na watu waliokufa wakilitamka, kulifuta neno lake, kulibandika minyiri, na kulipeleka sokoni kwa sababu aliyetoa dola mia mbili hapendi mungu anayejibu. Wapo wanaofanya vizuri zaidi. Kitabu cha Mwangi Expanse cha mwaka 2021, kutoka dunia ya Pathfinder, kiliandikwa na timu yenye waandishi weusi wengi na kinaonesha, ingawa hadi leo eneo zima la kubuni limebaki na jina la jirani yetu yeyote wa Murang'a.

Juzi tulicheza tena, kisa chetu kama kilivyo. Binamu yangu alikuwa na mhusika mwanamke, mjane, ambaye amefuata mto siku tisa hadi kwenye dimbwi. Mimi ndiye niliyekuwa naongoza, kwa hiyo mimi ndiye Hongo. Nikaeleza maji yanavyotulia, nikaeleza ukubwa wa kilicho chini yake. Nikanyoosha mkono kumpa dadu, mazoea tu, ile kanuni tulishaifuta. Hakuipokea. Akainamia meza, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo, akasema, "Uliniambia atarudi."

Nilikuwa nimeandika kurasa nne za majibu ya Hongo. Hakuna hata moja lililofaa. Tulikaa kimya mpaka feni ikaanza kuzunguka, umeme umerudi, na mwalimu akaenda kuchomeka simu yake.

Asubuhi, kabla sijapanda gari la Ruangwa, binamu alinikumbusha kuhusu dola zake hamsini. Nimeshamtumia elfu arobaini. Amesema amezipokea, na kwamba bado ananidai.